Mwenye Gundu Hapandi Basi

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa juu ya furushi la mashuka machafu ya wodi ya upasuaji, daftari la zamani pajani, daftari jipya mkononi, mashine zinazunguka, nami naandika. Kuna wasomaji waliomwambia mhariri kwamba nimewatia kichefuchefu, afadhali ninyamaze. Wana haki. Lakini nikinyamaza hapa mtadhani nilijirekebisha, na sikujirekebisha.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nitaeleza kwa kifupi.

Mimi ni dobi wa hospitali. Miaka kumi na mitatu nafua mashuka, mapazia na magauni ya wagonjwa. Kila kinachotoka mwilini mwa binadamu nimekishika, na sijawahi kutapika kazini hata siku moja.

Nje ya kazi ni katibu wa tawi la mashabiki. Tunakutana katika chumba kilicho nyuma ya bucha ya Mwenyekiti wetu: viti vya plastiki, runinga moja kubwa, na ukuta unaotetemeka kwa sababu friji ya nyama iko upande wa pili. Chumba kinanuka damu na soksi. Ufunguo wake ninao mimi.

Safari ya kuvuka mpaka kwenda kutazama mpira niliipanga mimi, miezi saba. Mechi tatu, viwanja vitatu, siku tisa, basi moja la viti ishirini na nane. Ratiba niliibandika ukutani nyuma ya mashine ya kukaushia, nikawa naisoma kila nikienda kukung'uta mashuka. Mechi ya tatu iliposogezwa kutoka Jumamosi hadi Jumapili ili ionyeshwe kwenye runinga, mimi ndiye niliyepangua vyumba vya kulala na kuvipanga upya. Mimi ndiye niliyegundua kwamba siku ya mechi wageni hawatembezwi uwanjani, nikatafuta Jumatatu ya kutuonyesha vyumba vya kubadilishia nguo, njia wanayotokea wachezaji na benchi la kocha. Hata mageti nilikuwa nayajua kwa namba, mtu ambaye sijawahi kukanyaga uwanja wenye paa.

Kisha, wiki nne kabla ya safari, Mwenyekiti akatunga sheria.

"Tumefungwa mara kumi na moja msimu huu," alisema huku akijichokoa meno kwa kijiti. "Kumi na moja! Wachezaji walewale, kocha yuleyule. Kwa hiyo kuna mtu humu ndani ana gundu. Na mwenye gundu hapandi basi."

Watu wakapiga makofi. Watu wazima, wenye ndevu na wajukuu.

"Katibu ana daftari la mahudhurio. Apekue, atuletee jina la aliyekuwepo kwenye vipigo vingi kuliko wote. Huyo abaki nyumbani, timu ipumue."

Nilipekua. Aliyekuwepo kwenye vipigo vyote kumi na moja nilikuwa mimi.

Ndiye ninayefungua mlango, jamani, nisiwepo vipi? Kwenye ushindi wote pia nilikuwepo, ila hakuna aliyesema ushindi uhesabiwe. Mtauliza kwa nini sikusimama nikalisema hilo. Sikulisema kwa sababu na mimi naamini gundu. Kuna mechi nilibadilisha soksi dakika ya sabini tukasawazisha, na soksi zile sikuzifua mwezi mzima, mimi dobi.

Basi nikanunua daftari linalofanana na lile, nikanakili msimu mzima. Vipigo vyangu saba nikaviacha nje. Lakini lazima mtu fulani aongoze. Nikamchagua baba mkwe wangu.

Mzee anaishi kwetu tangu mama mkwe afariki. Kazi yake ya maisha ilikuwa kutunza uwanja wa manispaa: kukata nyasi na kuchora mistari ya chokaa, miaka thelathini na moja. Mpira kwenye runinga hakuupenda sana. "Hii kitu inaonyesha watu," alikuwa akilalamika, "haionyeshi nyasi."

Macho yake yana presha, ile ambayo ikishakula haitapiki. Daktari alisema anachokiona mwaka huu, mwakani hatakiona. Mzee akataka jambo moja tu: kuuona uwanja mkubwa wa kweli kabla ya giza. Nilikuwa nimemwandikia mtunza nyasi wa uwanja ule wa tatu, naye akajibu bila hiyana: mleteni huyo mzee, nitampitisha pembeni ya mstari, azishike nyasi mwenyewe.

Huyo ndiye niliyemtoa kafara. Na sababu niliyojipa naiandika hapa, mnitemee mate mkitaka: mtu asiyeona vizuri atafaidi nini uwanjani?

*

Kikao kilikuwa Jumapili mchana. Mzee alikaa mbele kabisa kwa sababu ya macho. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti lake la sherehe, kwa vile alidhani siku hiyo tunagawana namba za viti.

Mwenyekiti akaniamuru nisome.

"Muuza viatu, vipigo viwili," nikaanza. "Kipaza, vinne."

Kipaza ni kinyozi. Debe tupu, haachi kuvuma.

"Vinne tu!" akapiga kelele. "Mimi ni msafi!"

"Mimi mwenyewe Katibu, vinne." Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. "Wengine wote wako chini ya vitano. Isipokuwa mmoja. Ana tisa."

"Tisa!" Kipaza akaruka kitini. "Huyo si mtu, huyo ni msiba! Mtaje!"

"Mzee."

"Mzee yupi?" baba mkwe akauliza, kwa sababu kwa kweli hakuelewa.

"Wewe, mzee wangu," Mwenyekiti akasema.

Mzee akacheka. "Mimi? Nusu ya mechi zenu nalala humu mkiwa mnapiga kelele. Gundu gani linalokoroma?"

Chumba kikacheka naye. Kwa muda mfupi niliona wanaanza kulegea, na nawaambieni ukweli, nilimkasirikia. Nilimwona ananinyang'anya safari yangu.

"Sheria ni sheria, mzee," Mwenyekiti akasema. "Katibu, msomee tarehe."

Nikamsomea. Nilipofika ile Jumatano ya saa kumi jioni, tuliyofungwa tatu bila, mzee akainua mkono.

"Hapo simama. Siku hiyo nilikuwa kliniki ya macho. Nilikaa kwenye benchi kutwa nzima. Mkwe wangu ndiye aliyenipeleka. Mwulizeni, si huyo hapo?"

Wote wakanigeukia.

Ilikuwa kweli tupu. Kliniki ya macho iko hospitalini kwetu. Nilimshika mkono mwenyewe nikamkalisha kwenye benchi, nikamwambia nakuja sasa hivi, nikatimua mbio kuja kuufungua mlango wa chumba hikihiki. Sikurudi. Mzee alirejea nyumbani peke yake akipapasa kuta. Mke wangu siku hizo alikuwa kwa dada yake aliyejifungua. Mahali mzee alipokuwa siku ile tulipajua watu wawili tu, mimi na yeye.

"Katibu?" Mwenyekiti akasema.

"Mzee amechanganya," nikajibu. "Kliniki ilikuwa Jumatano iliyofuata. Siku ya mechi alikuwa hapa, kitini pale pale."

"Hapana, mkwe wangu. Ulinipeleka, ukaniambia unakuja sasa hivi..."

"Baba. Umesahau."

Miaka yote namwita mzee. Siku ya kumwita baba ndiyo siku hiyo.

Akanitafuta kwa kugeuza kichwa huku na huku, kama wanavyofanya wenye macho yale, mpaka akanipata. Nilijiandaa kwa hasira yake. Hasira sikuiona. Niliona mtu ameogopa.

"Kama wewe unasema nimesahau," akasema taratibu, "basi nimesahau. Wewe huna sababu ya kunidanganya."

"Macho yamekwenda," Kipaza akapaza, "na kichwa nacho kinafunga mizigo!"

Wakaangua kicheko, wakagonga meza, wakashikana mabega. Nikacheka nao. Nisingecheka wangenishuku.

Halafu nikatoka hadi kwenye pipa la mifupa nyuma ya bucha, nikatapika. Nzi wakaruka, wakarudi. Mwenyekiti akaja akanipigapiga mgongoni kwa kiganja chenye mafuta ya nyama.

"Pole, Katibu. Najua ni mzee wako. Lakini timu kwanza."

Harufu ya kiganja kile ilibaki kwenye shati. Nililifua mara mbili, na bado nililisikia likinuka.

*

"Baba anasema haendi," mke wangu aliniambia jioni ile, mguu bado uko kwenye cherehani. Alikuwa anashona bendera ya kufunga ubavuni mwa basi. "Anasema amechoka. Amechokaje? Mwaka mzima wimbo wake ni nyasi, nyasi. Mmemfanya nini huko?"

"Nani amfanye nini? Labda safari imemtisha."

"Baba yangu alimfukuza dume la ng'ombe uwanjani kwa mpini wa reki. Leo atishwe na basi?"

"Basi kamwulize mwenyewe."

Akamwuliza. Mzee hakutaja gundu, wala daftari, wala vicheko. Alisema amechoka tu. Niliposikia hivyo nilimshukuru Mungu, fikirieni. Nilimshukuru Mungu.

Siku ya tatu mzee akaniita chumbani kwake.

"Funga mlango. Nataka unifanyie jambo, na binti yangu asijue."

"Sema, mzee."

"Hili la kusahau. Ile siku ya kliniki naiona wazi. Benchi la chuma. Mama mmoja anakohoa kushoto kwangu. Kuna bomba linavuja maji, tone tone. Naiona kuliko ninavyokuona wewe sasa. Na wewe unasema haikuwa siku ile. Sasa nauliza, mangapi mengine niliyo nayo humu kichwani nayo si kweli?"

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili, mlango umefungwa. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: mzee, nilidanganya.

"Uzee huo," nikasema. "Sote tutafika huko."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya vipimo.

"Basi uwe unaniandikia. Kila jioni njoo uandike nilichofanya mchana. Siku nikibisha, unisomee. Mwandiko wako nauamini."

Nikamwandikia. Jioni baada ya jioni nilikaa kitandani pake, daftari la tatu hilo sasa, nikawa naandika: amekunywa chai, ametembea hadi kwa jirani, ameulizia mvua. Na yeye amekaa pembeni, mikono magotini, mtulivu, ananishukuru.

Wiki moja haikuisha, mzee akawa haamini kitu mpaka kiandikwe.

"Baba, umeoga?" mke wangu anamwuliza.

"Mwulize mkwe. Imeandikwa."

Akaacha kwenda dukani. Akaacha kusalimia watu mlangoni, asije akawachanganya. Siku moja mezani alianza kutusimulia fainali moja iliyochezwa kwenye matope, alivyochora mstari wa goli mara nne siku hiyo hiyo, na mvua ikaufuta mara nne. Alikuwa anacheka. Katikati ya hadithi akasita.

"Au haikuwepo hiyo," akasema. Akashika kijiko, akaendelea kula.

Mke wangu aliondoka mezani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameufunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakishona.

"Baba anapotea mbele ya macho yangu," akasema. "Leo asubuhi ameniambia nimtafutie nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ati mtu asiyeona anafugika, ila asiyeona na asiyekumbuka ni mzigo. Nimekwenda, nimeongea na muuguzi mkuu. Kuna kitanda. Ukirudi safari tunampeleka."

"Niahirishe safari?" Nilimwuliza kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

"Nenda. Umeipanga miezi saba. Tena yeye mwenyewe amesema uende."

Akanishika mkono, akashtuka. Ngozi ya vidole ilikuwa inaambuka, maana kazini nilikuwa naosha mikono kwa dawa ya kung'arishia mashuka. Akasema niache kazi ile, itaniua. Mke mwema sana. Nilitamani anitukane.

Mashuka ya hospitali yana raha yake. Yanakuja na uchafu wake umeonekana, unayatia dawa, yanatoka meupe. Mimi nilikuwa natembea mtaani shati limepigwa pasi, na watu wananiita mkwe mwema, ona anavyomwandikia mkwewe kila jioni. La kuvunda halina ubani.

*

Asubuhi ya safari mzee alinisindikiza hadi mlangoni, mkono mmoja ukutani.

"Ukimwona yule mtunza nyasi," akasema, "mwulize anachora kwa chokaa au kwa rangi. Na mstari wa kati anaanzia wapi. Halafu uniandikie. Uniandikie vizuri, maana nitataka kusomewa kule nitakakokuwa."

"Nitaandika, mzee."

"Usisahau," akasema. Kisha akacheka peke yake. "Ona nani anamwambia mwenzake asisahau."

Basi lilikuwa mbele ya bucha, limefungwa bendera ya mke wangu ubavuni. Kwenye kiti cha mzee, namba nne, dirishani, nilimkuta mwanaume mnene anamenya mayai ya kuchemsha na kutupa maganda sakafuni.

"Nani huyu?" nikamwuliza Mwenyekiti.

"Shemeji yangu. Mdogo wake mke wangu. Kiti kilikuwa kitupu, au sivyo?"

"Si mwanachama."

"Atakuwa."

Shemeji akanikodolea macho, kiini cha yai kimemganda kwenye masharubu. "Wewe ndiye Katibu? Nasikia kuna barua ya kunipitisha nikanyage nyasi. Mimi kwa kweli timu yenu siipendi, lakini picha nataka."

Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimejisemea nitaikalia, hakuna atakayeigusa.

"Mpe," Mwenyekiti akasema.

Nikampa. Akaishika kwa vidole vile vile vya mayai.

Basi likaondoka, mji ukabaki nyuma. Kipaza akashika uimbaji. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi, na harufu ya yai ikatuzunguka wote. Mwenyekiti akatoka kiti chake, akaja akakaa kando yangu na kuniwekea mkono gotini. Kucha zake zilikuwa bado na wekundu wa kazi ya jana.

"Nikuulize kitu," akasema chini chini. "Msimu mzima, miezi tisa, wewe unatumia kalamu moja tu? Haiishi wino?"

Nikajitia hamnazo. "Sijakuelewa."

"Daftari letu lilikuwa na doa la damu kwenye jalada. Mkono wangu huu ndio uliolitia. Lile ulilotusomea lilikuwa safi kama shuka lako. Mimi sikusoma sana, Katibu, lakini nyama ya leo na nyama ya juzi najua kuzitofautisha."

Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo.

"Tulia. Ningetaka kukuumbua ningekuumbua siku ileile. Mke wangu alikuwa ananikaba koo nimpatie ndugu yake nafasi, na basi limejaa. Nikawa nawaza nimtoe nani. Wewe ukaniletea mtu ameshachinjwa na kuchunwa. Ningekataa?"

"Ulijua mzee hana kosa, ukacheka?"

"Na wewe hukucheka?"

Nikageukia dirisha.

"Basi tufichiane," akasema, akanifinya goti. "Ukiropoka, mimi nasema ni wewe peke yako, na hawa watu wako ishirini na saba watakushusha porini. Hakuna atakayeuliza nilijua lini. Na ziara zako za viwanja utazisikia kwenye redio."

Hakutoa mkono. Nilitazama ule mkono, nikatazama wangu ulioambuka, nikaona jinsi ilivyofanana. Nilichukizwa naye mpaka meno yakaniuma. Lakini yeye alikuwa ameokota tu kilichoanguka. Aliyeangusha nilikuwa mimi.

Simu yangu ikalia. Mke wangu.

"Baba hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Nimerudi kutoka kununua nyuzi, kitanda kitupu! Jirani anasema ametoka saa moja, peke yake, ameliweka lile daftari lenu kwapani. Sasa ni saa nne. Alimwambia jirani anakwenda kliniki ya macho wamfungulie faili, waangalie alikwenda siku gani. Siku gani ya nini? Nimepiga simu kliniki, hajafika. Sielewi kitu!"

Mimi nilielewa. Faili za kliniki haziondoki pale, na kila tarehe imegongewa muhuri. Mzee alikuwa amekwenda kutafuta kama bado ana akili.

"Nisikilize," mke wangu akasema, na nilisikia anahema, alikuwa anakimbia. "Wewe ndiye uliyekaa naye kila jioni. Kichwa chake kiko sawa au hakiko sawa? Kama kiko sawa, yuko njia ya kliniki, nikimbilie kule kwenye barabara kuu sasa hivi, maana malori yale hayasimami na yeye haoni pembeni. Kama hakiko sawa, atakuwa amekwenda kwenye uwanja wake wa zamani. Muuguzi aliniambia wanaosahau hurudi walikozoea. Ni njia mbili tofauti, na mimi niko peke yangu. Niambie!"

Kiti kilitoa mlio. Mwenyekiti alikuwa amelisogeza sikio karibu na simu, bado ameshika goti langu. Kipaza alikuwa ameacha kuimba. Shemeji alikuwa ameacha kutafuna.

"Niambie, mume wangu! Baba anasahau au hasahau?"

Kati ya kliniki na nyumbani kwetu kuna barabara moja kubwa. Nimeivuka kila siku kwa miaka kumi na mitatu, na hata mimi mwenye macho yangu huwa naivuka mbio.

"Anasahau," nikasema. "Nenda uwanjani."

Akakata simu.

"Nani huyo?" Kipaza akauliza kutoka mbele.

"Mke wangu."

"Anasemaje?"

Wote walikuwa wamenigeukia, jezi mpya, nyuso zinacheka, wananisubiri.

"Anatutakia safari njema," nikasema, na basi zima likapiga makofi.